Mwito wa Kushukia

Kilichomkwama Mpwa kooni asubuhi ile hakikuwa mkate wa chai. Yalikuwa maneno mawili. Alikuwa ameyapigia kelele kila siku ya kazi kwa miaka tisa, na leo yamegoma kutoka.

Alikuwa amekwisha kukaa kwenye kitanzi cha kamba, miguu ikining'inia juu ya shimo, kofia ngumu kichwani, koleo fupi kiunoni. Chini yake palikuwa na pima nane za giza, na pima, kwa asiyejua, ni mtu akinyoosha mikono yote miwili, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Nyuma ya winchi ya mbao alisimama Bonge, mshika kamba, ambaye hakupewa jina hilo kwa kuonewa. Mjomba, kaka wa marehemu mama yake Mpwa na fundi mkuu wa visima, alikuwa ameinama pembeni akinoa sururu. Watatu hao ndio kikosi kizima. Walikuwa wakichimba nyuma ya nyumba ya nesi mmoja mstaafu, mama aliyechoka kungoja bomba lake litoe kitu zaidi ya upepo.

"Umekula?" Bonge aliuliza.

"Nimekula."

"Umelala?"

"Nimelala."

"Mzima?"

"Mzima."

Bonge akangoja, mkono juu ya kigingi kinachozuia winchi isizunguke. Mpwa akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Nashuka," alisema.

Bonge hakugusa kigingi. "Hujaita."

"Si nimesema nashuka?"

"Nimesikia. Sasa ita."

Sheria hiyo ilikuwa ya Mjomba. Enzi za ujana wake alimwona mchimbaji mmoja akificha homa ili asikose siku ya kazi; alipofika chini akazirai, na aliyetolewa jioni hakuwa yule aliyeshuka asubuhi. Tangu siku hiyo Mjomba akaapa kwamba kwenye kisima chake, mdomoni pa shimo hapasemwi uongo. Unaulizwa maswali matatu, unajibu kweli. Kisha unaita kwa sauti, "Mwanamume anashuka!" na mshika kamba anakurudishia, "Mwanamume atapanda!" Lazima akurudishie neno kwa neno, ili ujue amekusikia na mikono yake iko kazini. Hapo ndipo kigingi kinatolewa. Wakati wa kupanda ni vivyo hivyo: unaita "Mwanamume anapanda!" na juu wanajibu "Mwanamume yuko mikononi!" Bila jibu, hata kama nyoka yuko mguuni, huachii ukuta. Bonge aliifuata sheria hiyo kwa moyo wote, kwa sababu alikuwa mtu wa kuamini kwamba kisima kina masikio.

Shida ya Mpwa ilikuwa hapo hapo penye ukweli. Alikuwa na miaka ishirini na sita, ndevu alizozipenda, mabega aliyoyapata kwa jasho lake, na sauti nzito ambayo hakuwa na ugomvi nayo. Lile neno la kushukia lilikuwa lake. Ila halikuwa lake lote. Wanaume walipokaa pamoja na mmoja akasema "sisi wanaume," ile "sisi" ilimpitia kama gari linalopunguza mwendo tu bila kusimama. Mguu mmoja ungeweza kudandia, wa pili ukabaki barabarani. Wala hakuwahi kujiona mwanamke. Hilo angalau angejua pa kuanzia kulieleza. Yeye alikuwa mwanamume hadi mahali fulani, na kutoka hapo kwenda mbele alikuwa kitu kingine, kitulivu, kisicho na jina, na hicho nacho kilikuwa yeye. Kwa miaka mingi alidhani kila mtu yuko hivyo na anavumilia. Alipogundua kwamba Bonge, kwa mfano, ni mwanamume kuanzia utosini hadi kwenye kucha bila hata kufikiria, alikaa wiki nzima akimtazama kwa mshangao.

Basi kila asubuhi akawa anadanganya mdomoni pa kisima, akiwa amelelewa na mtu aliyemfundisha kwamba hapo ndipo mahali pekee duniani pasipodanganywa. Mwaka mzima sauti yake ya kuita ilikuwa ikipungua. Bonge alimtania kwamba imeota kutu.

Mjomba aliacha kunoa. "Kuna nini hapo?"

"Hataki kuita," Bonge alishtaki.

"Mpwa, ita ushuke. Jua halitungoji."

"Mjomba, wewe ndiye uliyesema hapa hapasemwi uongo."

"Ndiyo."

"Basi lile neno si langu lote. Nusu ni langu. Nusu nyingine naisema tu kwa sababu Bonge hafungui bila kuisikia."

Mjomba alisimama taratibu, mkono mmoja ukiwa kwenye goti. "Nusu gani? Wewe nimekulea tangu una miaka saba. Nimekuogesha. Najua ulivyo."

"Mwili unaujua, Mjomba. Sizungumzii mwili."

"Unataka kuwa mwanamke?"

"Hapana."

"Basi wewe ni mwanamume. Mambo hayo ni mawili, hakuna la tatu. Hata mlango, ama umefunguliwa ama umefungwa."

"Mlango huwa unarudishiwa pia," Mpwa alisema.

Hakukusudia kiwe kiburi. Lakini maneno yakishatoka hayaulizi yalikusudiwa nini, na Bonge akafanya kosa la kucheka kidogo kwa pua. Uso wa Mjomba ukabadilika.

"Toka kwenye kamba."

"Mjomba..."

"Toka. Leo hushuki, wala kesho. Mtu asiyejijua ni nani, mimi nimpeleke chini ya ardhi, akifia humo nikamwambie nini dada yangu? Nitashuka mwenyewe."

Mpwa alitoka. Mjomba hakuwa ameshuka kisimani tangu mwaka uliopita, na wote watatu walijua sababu, ambayo ilikuwa inachechemea mbele yao ikielekea kwenye kitanzi.

"Mjomba, goti lako."

"Goti langu lina nini?"

"Na ule ukuta wa kisima, wa upande wa choo. Jana chini ya udongo mwekundu nilikuta mshipa wa mchanga, unatoa jasho. Nilikuwa nishuke na mbao nizuie kwanza."

"Visima nimechimba mimba yako haijatungwa," Mjomba alisema, akakaa kwenye kitanzi. "Bonge, uliza."

Bonge akauliza. Amekula? Amekula. Amelala? "Nimelala." Mpwa alitazama chini. Usiku kucha, ng'ambo ya ukuta mwembamba wa chumba chake, alikuwa amemsikia akigeuka na kuguna.

"Mzima?"

Mjomba alimkazia Mpwa macho. "Mzima."

Mpwa alijua. Akanyamaza, kwa sababu aliyekwisha kuonekana hana adabu mara moja haongezi ya pili. Kunyamaza huko kulikuja kumuuma baadaye kuliko neno lolote alilosema asubuhi hiyo.

"Mwanamume anashuka!" Mjomba aliita, kwa sauti ambayo kuku wa Nesi waliikimbia.

"Mwanamume atapanda!"

Kigingi kikatoka, winchi ikalia, na kofia ya Mjomba ikazama shimoni.

Saa moja ikapita. Ndoo zilipanda zikiwa zimejaa udongo mwekundu, Mpwa akazimwaga, Bonge akazishusha. Kila ndoo Mpwa alitia mkono ndani akausugua udongo kwa vidole. Ndoo ya kumi na tatu ilikuwa na mchanga ndani yake, mchache, mweupe.

"Umemkasirisha mzee bure," Bonge alisema hatimaye. "Neno lenyewe ni neno tu."

"Kama ni neno tu, mbona hukufungua?"

Bonge akageukia kamba yake. Alikuwa mtu mwema. Wiki mbili nyuma, wakati wa chakula, Mpwa alijaribu kumdokezea, akamwambia kwamba uanaume wake anauona haujakamilika. Bonge alitafakari tonge zima, akasogea karibu, akamnong'oneza kwamba kuna mzee fulani sokoni anauza mizizi, tena haina madhara. Mpwa alicheka hadi akapaliwa, na mazungumzo yakafia hapo.

"Bonge, ndoo hii ina mchanga."

"Kidogo tu."

"Mwite apande."

Bonge aliinama kwenye mdomo wa kisima, akavuta pumzi ya kuita. Hakuwahi. Sauti iliyotoka chini haikuwa kubwa. Ilikuwa ya gunia la mchele likimwagwa sakafuni, ndefu, isiyo na haraka. Kisha vumbi likapanda.

"Mjomba!"

Kimya.

"Mjomba!"

"Niko hai." Sauti ilikuwa nyembamba. "Mguu umefukiwa. Hadi pajani. Mchanga bado unatiririka."

Mpwa hakumbuki alivyozifikia mbao. Alijikuta tu amekwisha kufunga mbili mgongoni kwa kipande cha kamba, kitanzi kimepandishwa, yeye amekaa ndani yake. Bonge asingeweza kushuka. Mabega yake yasingepita, na hata yangepita, nani angebaki kuwavuta? Nesi alitoka jikoni akikimbia na kijiko mkononi, akasimama.

"Fungua," Mpwa alisema.

Bonge alikuwa amekamata kigingi kwa mikono yote miwili. "Ita."

"Bonge, mtu anafukiwa."

"Ndiyo maana. Umeona yaliyotokea asubuhi mwito ulipovunjwa? Ita tu, ndugu yangu. Maneno mawili nifungue."

Na Mpwa angeita. Msimwone shujaa wa kweli asiyeyumba. Kwa ajili ya Mjomba wakati ule angeita hata kwamba yeye ni ng'ombe wa maziwa. Alijaza mapafu. Lakini kabla hajatoa neno, sauti ikapanda kutoka chini, imekatika kwa maumivu.

"Mpwa!"

"Nakuja!"

"Usiite uongo juu ya kichwa changu!"

Mpwa na Bonge walitazamana.

"Umenisikia? Uongo mmoja humu ndani unatosha. Ita kilicho kweli ushuke!"

Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuuliza uongo upi. Chini, mchanga ulisikika ukimiminika tena, kidogo kidogo. Kwa mwaka mzima Mpwa alikuwa akilitafuta hilo jambo kwa utulivu, kitandani, akiwa njiani, akiwa ameshika sururu, na hakulipata. Sasa alikuwa na pumzi moja ya kulisema.

"Nusu mwanamume, mpwa mzima, anashuka!"

Kwenye mtaa wowote, ukimwita mtu nusu mwanamume, uwe tayari kushonewa shati jipya, maana ulilovaa litachanika. Mpwa alijiita mwenyewe, mbele ya mwenye nyumba, kwa sauti yake yote, na sauti ile haikuwa na kutu hata chembe.

Bonge alijibu kwa mazoea ya miaka. "Mwanamume atapanda!"

"Bonge!" Mjomba alifoka kutoka shimoni. "Jibu ulichoitiwa!"

Bonge alikuwa anatokwa na jasho usoni. "Siwezi kumtukana mtu akiwa kwenye kamba," alisema, na alikuwa karibu kulia.

"Si tusi," Mpwa alimwambia. "Ni mimi."

Bonge alitazama kamba, si Mpwa. "Nusu mwanamume," alisema, akakohoa, kisha akaanza upya kwa nguvu, "nusu mwanamume, mpwa mzima, atapanda!"

Akatoa kigingi.

Chini hapakuwa na hewa ya kutosha watu wawili. Mjomba alikuwa ameegemea ukuta, mguu wa kulia umezama hadi pajani, wa kushoto umekunjwa chini yake, kofia haipo. Kwenye ukuta wa upande wa choo palikuwa na tundu la ukubwa wa sufuria, na mchanga mweupe ulikuwa ukitoka humo bila kukoma. Mpwa alisimamisha mbao zote mbili kwenye tundu, akageuka, akaziegemea kwa mabega. Mtiririko ukapungua. Ulipungua tu.

Akaanza kuchota kwa mikono, mgongo haujaondoka kwenye mbao. Akachota, akajaza ndoo, akapiga kamba mara mbili, Bonge akavuta. Ndoo ikarudi. Kila alichotoa, robo yake ilirudi kupitia pembeni mwa ubao. Ndoo ya sita goti likaonekana, limevimba ukubwa wa nazi. Mpwa alijua kwamba uvimbe huo si wa saa moja.

Ndoo ya tisa mguu ukatoka. Mjomba alitoa sauti ambayo Mpwa hakuwahi kuisikia kwake. Akamfunga kitanzi chini ya makwapa na kingine chini ya mapaja, akakaza mafundo, akayajaribu. Kisha, kwa kuwa sheria ni sheria, na kwa kuwa alitaka kusikia, akamuuliza.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umelala?"

Mjomba alifumba macho. Nyuso zao zilikuwa karibu mno, vumbi limewafanya wote wawili kuwa wa rangi moja. "Sikulala."

"Mzima?"

"Si mzima. Goti limekufa kabisa tangu wiki iliyopita. Mchanga ulipoanza nilitaka kuruka, likanikatalia." Akahema. "Nilidanganya pale juu kwa hasira. Wewe ulikataa kudanganya, nikakufukuza, nikakaa hapo hapo ulipotoka nikadanganya mimi."

"Nilijua. Nami nikanyamaza."

"Basi tumekosa wote." Akafumbua macho. "Wewe je?"

"Nabaki nashika ubao. Kamba itarudi."

"Ikirudi usiachie mpaka ujibiwe. Mkono wa Bonge ukiwa hauko kwenye winchi ukaachia, umekwisha."

"Najua, Mjomba."

"Nimekufundisha mimi, najua unajua. Sikia tena." Akainua uso kwenye kile kiduara cha mwanga, akavuta pumzi, akaita, "Mwanamume mwenye goti bovu anapanda!"

Bonge masikini, siku yake ilikuwa imejaa maneno mapya. "Mwanamume mwenye goti bovu yuko mikononi!"

Mjomba akainuliwa, akaziba mwanga wote, na Mpwa akabaki gizani.

Kule chini ndiko alikokuwa akikupenda siku zote. Kisimani hakuna "sisi wanaume". Kuna wewe na udongo, na udongo haukuulizi kitu. Aliwahi kudhani kwamba hapo ndipo pake, kwamba juu atakuwa akitembelea tu. Sasa mchanga ulikuwa umefika magotini, mabega yanawaka moto, ubao wa kushoto unasukumwa na kitu kizito kilichokuwa kinajikusanya nyuma yake, na Mpwa aliogopa kwa namna ambayo hajawahi. Alitaka kupanda. Alitaka juu, kwenye jua, kwenye mikono ya watu, akiwa hivyo hivyo alivyoita. Alilitaka hilo kuliko alivyowahi kutaka chochote, na ikamshangaza.

Mwanga ukarudi. Kamba haikurudi. Alisikia sauti ya Nesi ikiamrisha, kitu kikiburutwa. Akahesabu hadi arobaini. Mchanga ukafika mapajani. Akajitikisa, akapandisha miguu mmoja mmoja, akausimamia. Kisha kitanzi kikamgonga kofia.

Akatia mguu mmoja. Akashika kamba kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto na mgongo vikabaki kwenye mbao.

"Nusu mwanamume, mpwa mzima, anapanda!"

Hakujibiwa.

Ubao wa kushoto ukapiga mlio. Kila kiungo cha mwili wake kilimwambia aachie, adandie, labda Bonge yuko tayari, labda hakusikia tu. Au amesikia, na hawezi kulitamka mara ya pili. Wazo hilo lilikuwa baya kuliko mchanga. Aliona jinsi ambavyo angeweza kupona kwa kuita lile la zamani, ambalo Bonge angelijibu akiwa usingizini.

Akavuta pumzi, nusu yake vumbi.

"Nusu mwanamume! Mpwa mzima! Anapanda!"

Jibu lilikuja kwa sauti mbili. Moja ilikuwa ya Bonge, nene, yenye haraka, sauti ya mtu aliyekuwa amembeba mwingine na sasa amerudi mbio kwenye kazi yake. Ya pili, ya Mjomba, ilitoka pale pale ukingoni, kwa mtu aliyelala kifudifudi na kuingiza kichwa shimoni ili asikike vizuri.

"Nusu mwanamume, mpwa mzima, yuko mikononi!"

Mpwa akaachia ubao.

Nyuma yake ukuta ulishuka wote. Ulimeza mbao, koleo, ndoo, na kiatu chake cha mguu wa kushoto, ambacho kiko huko hadi leo. Winchi ililia kwa pumzi za Bonge, pima moja, mbili, tano, kisha jua likampiga usoni na mkono mkubwa ukamkamata ukosi ukamburuta kwenye majani. Bonge alimshika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Walimvuta Mjomba kutoka ukingoni, na Nesi akamlaza juu ya mlango wa banda la kuku, akaanza kumfunga mguu kwa magazeti na mwiko wa kusongea. Gari la jirani lilikuwa limefuatwa. Mpwa akaenda akakaa kando yake, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

Mjomba hakumtazama. "Sijaelewa hata robo," alisema.

"Sawa, Mjomba."

"Tutazungumza nyumbani. Na nitabisha, ujue."

"Sawa."

Mkono wa Mjomba ukatambaa juu ya ubao, ukapata kifundo cha ule mguu usio na kiatu, ukaushika hapo.

Nesi alikuwa akikaza fundo la mwisho. Alimtazama Mpwa, akamtazama mgonjwa wake, na kwa kuwa yadi ilikuwa yake na alikuwa amestahimili mengi asubuhi ile, akauliza kilichokuwa kinamkereketa.

"Yale maneno mliyokuwa mnapigiana kelele pale shimoni. Mlikuwa mnatukanana?"

"Hapana, mama," Mjomba alisema. "Ule ndio mwito wake." Kisha akapaza sauti kuelekea kwenye winchi, ambako Bonge alikuwa ameanza kukunja kamba. "Bonge, umeushika?"

"Nimeushika, fundi."